Turubai la Kina Sato

Sehemu ya Saba

Mwavuli uligeuka.

Kama gazeti la wiki iliyopita liliishia kufungia maandazi kabla hujalimaliza, sogea nikujuze haraka, maana huku hali si nzuri. Fumie, mke wa Tetsuro Sato, amechoka. Amemhudumia mama mkwe wake miaka tisa, na sasa nyumba ya wazee kule kwao Yuzawa imepata nafasi moja. Jibu linatakiwa Jumatatu saa tatu asubuhi, likikosekana nafasi inakwenda kwa mwingine. Mama mkwe hajaambiwa. Tetsuro aliapa kwamba atamwambia mwenyewe, Jumamosi hii, kwenye sherehe ya taa mjini Akita. "Taa zikipanda," alisema, "kelele zitakuwa nyingi, itakuwa rahisi." Ndiyo wakapakiana kwenye gari, watu wanne, saa mbili na nusu za jua kali, kwenda kutafuta kelele.

Fumie akatoka foleni ya choo, akaliona turubai la bluu kando ya barabara, limebandikwa selotepu pana yenye jina SATO. Akakaa. Palikuwa na bibi mmoja mchangamfu asiyemfahamu, akamdhania ni ndugu wa mumewe, kwa sababu ndugu wa mumewe hawana mwisho na kumuuliza ndugu jina lake ni aibu. Bibi akammiminia chai ya shayiri, baridi kabisa, akauliza, "Na mzee naye anaendeleaje?"

Swali hilo miaka tisa hakuna aliyemuuliza akiwa amekaa chini. Fumie akamwaga yote. Jumatatu. Nyumba ya wazee. Mgongo. Usiku. Yote.

Pembeni yake alikuwapo mtu amejifunika mwavuli mweusi wa jua. Fumie alidhani amelala.

Hakulala.

"Fumie," mwavuli ulisema. "Jumatatu saa ngapi?"

Kikombe kilimtoka mkononi. Chini ya mwavuli, magoti yamekunjwa vizuri, tonge la wali mkononi, alikuwa ameketi mama mkwe. Bibi Kiyo mwenyewe, miaka themanini na minne, meno yote ya kununua, masikio ya kuzaliwa nayo.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Ulidhani ni mzuka? Sikukuu ya wafu wetu kurudi nyumbani ni wiki ijayo, mimi bado sijajiunga nao. Nimeuliza saa ngapi."

"Saa tatu."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

"Mapema hivyo! Hata supu mtu hajanywa."

Fumie aliinama hadi paji la uso likagusa turubai. Turubai lilikuwa la moto kama sufuria. Hakuinuka. Ukweli ni kwamba, ukiondoa aibu, pale chini palikuwa pazuri. Kulala kifudifudi ni kulala pia.

"Nisamehe, Mama. Siyo hivyo ulivyosikia."

"Kwani nimesikiaje?"

Fumie alizidi kukandamiza paji la uso kwenye turubai.

"Nimesikia," Bibi Kiyo alisema, akiangalia tonge lake, "kwamba unaamka mara mbili kila usiku kunipeleka chooni. Na kwamba kuna usiku, umenishika pale kwenye ukumbi, uliomba nianguke nife, wewe upate kulala. Ni hivyo, au masikio yangu nayo yamezeeka?"

Yule bibi mwenye chai alianza kujipepea kwa kasi ya kutaka kupaa.

"Mara moja," Fumie alisema na turubai. "Niliomba mara moja tu."

"Mwezi gani?"

"Februari."

"Ah, Februari." Bibi Kiyo aling'ata tonge, akatafuna taratibu. "Februari hata mimi niliomba. Ile baridi ya ukumbini haikuwa ya kistaarabu."

Fumie aliinua kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, au machozi, au zile siku tatu za kununa ambazo mama mkwe wake ni bingwa wake wilaya nzima. Hakujiandaa kwa hilo.

"Jamani, chukueni achari," bibi wa chai aliingilia, akisukuma kibakuli cha biringanya katikati yao. "Shangazi, usimkalie mkweo kooni. Watu wakichoka wanasema mengi. Mimi huyu wangu nimemwombea kifo mara ngapi, na hata haumwi."

Aliyenyooshewa kidole alikuwa mzee aliyelala chali, kofia usoni, soksi zina tundu kidoleni.

"Shangazi wa nani?" Bibi Kiyo aliuliza.

"Si wewe, shangazi?"

"Mimi shangazi yako?"

"Shangazi wa Noshiro." Sauti ya bibi wa chai ilianza kupungua nguvu. "Si ninyi wa Noshiro? Upande wa marehemu mjomba?"

"Sisi wa Yuzawa."

"Yuzawa," alisema bibi wa chai polepole, "hatuna mtu."

Ndugu msomaji, pale Akita ukiita "Sato!" barabarani, nusu ya watu watageuka, na nusu iliyobaki ni wake zao. Kando ya barabara ile siku ile kulikuwa na maturubai ya kina Sato yasiyopungua tisa. Bibi Kiyo aliambiwa na mwanawe "nenda ukakae kwenye turubai letu, limeandikwa Sato," akakaa kwenye Sato ya kwanza kuiona. Fumie naye vilevile. Na wenyeji, badala ya kuuliza "samahani, ninyi akina nani?", wakawalisha.

"Nimejiuliza saa nzima," bibi wa chai alisema, uso umemwiva kwa aibu. "Nikasema huyu ni shangazi yupi tena? Nikiuliza nitaonekana nimesahau ukoo. Ndiyo maana nikamuuliza dada hapa kuhusu mzee. Kila nyumba ina mzee, nikaona hapo sikosei."

"Mimi nilijua si wetu tangu mwanzo," ilisema kofia.

"Yoshizo! Mbona hukusema?"

"Walishaanza achari."

Ikafuata shughuli ya kuinamiana. Fumie akainama, bibi wa chai akainama zaidi, Bibi Kiyo akainama kwa kadiri kiuno kilivyoruhusu, mzee Yoshizo akainamisha kofia. Wakaombana radhi kwa kukaliana, kwa kukaribishana, kwa kulishana na kwa kula. Hadi walipomaliza, bibi wa chai alikuwa amejitambulisha kwa jina la Tome, na Bibi Kiyo alikuwa amekiri matonge matatu.

"Manne," alisema mzee Yoshizo.

"Twende, Mama." Fumie alimshika mama mkwe kwapani, mkono ukaenda wenyewe mahali pake pa kila siku. "Tumewasumbua vya kutosha."

"Thubutu!" Tome akadaka mwavuli. "Mnaniachia Jumatatu hewani hivyo? Nitalalaje? Kaeni."

Bibi Kiyo alikuwa ameshakaa.

"Mama! Mama Chinatsu!"

Tetsuro alikuwa anakuja mbio, kama mbio ni neno lake, amebeba paketi nne za tambi za kukaanga zimepangana hadi kidevuni. Shati limeganda mgongoni. Nyuma yake anatembea bintiye, Chinatsu, miaka ishirini, simu mkononi, haraka hana.

"Nimekaa kule mbele ya benki peke yangu saa nzima!" Tetsuro alihema. "Kila anayepita ananiuliza kama hizo nafasi zina wenyewe. Mtu mzima, turubai la watu sita, peke yangu!"

"Baba alidhani mmetekwa," Chinatsu alisema.

"Nani amteke bibi wa umri wangu?" Bibi Kiyo aliuliza.

"Mwenye achari nzuri, Bibi. Ungeenda mwenyewe."

Tome alimpenda papo hapo, akamsogezea kibakuli.

"Tetsuro," Bibi Kiyo alisema. "Kaa."

Tetsuro akakaa. Alipiga magoti kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, tambi mapajani.

"Una neno la kuniambia?"

Tetsuro alimtazama mkewe. Mkewe alizitazama tambi. Alimtazama bintiye, bintiye akatazama simu. Akamtazama Tome, ambaye hakumjua, na ambaye pekee ndiye aliyekuwa anamtazama yeye, macho wazi, amesimamisha pepeo.

"Tambi zinapoa, Mama."

"Tetsuro."

"Nilitaka... taa zikianza..."

"Taa zikianza, nini?"

"Zitapendeza."

"Huyu ndiye asiyeweza kusema," Tome alimnong'oneza mumewe.

"Nimemwona," alisema mzee Yoshizo.

Bibi Kiyo alishusha pumzi ndefu. Mwanamke huyu alizaa mtoto mmoja tu, na kwa pumzi ile alionekana kulifikiria upya jambo hilo. Kisha akamgeukia Fumie.

"Wewe. Ile karatasi ya kuniandikisha uliipiga muhuri gani?"

Fumie alihisi masikio yanawaka. Hili lilikuwa baya kuliko Februari. Kumwombea mtu kifo ni mambo ya moyoni, lakini kuchukua muhuri wa mtu na kuupiga kwenye karatasi asiyoijua, hapo umeshika mkono wake na kuandika nao.

"Wa kwenye droo, Mama. Wa kwako. Ulikuwa umelala mchana."

"Mweusi? Mdogo? Umekatika ukingo?"

"Ndiyo, Mama."

Bibi Kiyo alianza kutikisika. Fumie akadhani ni moyo, akaruka kumshika. Siyo moyo. Bibi alikuwa anacheka.

"Ule," alisema alipopata pumzi, "ni wa kupokelea vifurushi! Kaka yangu akituma kabichi, ndio naupiga! Umeniandikisha nyumba ya wazee kwa muhuri wa kabichi!"

Aliingiza mkono kibindoni, mbele ya watu, bila haya, akachomoa kifuko cha hariri kilichochakaa. Ndani yake mlikuwa na muhuri mwingine, mnene, wa mfupa, mwekundu mdomoni.

"Wa kweli analala na mwenyewe. Na huu umeshafanya kazi yake miaka mitatu iliyopita."

"Kazi gani?" Fumie aliuliza.

"Kujiandikisha."

Hapo hata kofia ya mzee Yoshizo iliondoka usoni.

"Kule ninakoshinda na wazee wenzangu Jumanne na Ijumaa," Bibi Kiyo alisema, "kuna msichana mmoja mwandiko wake mzuri. Nilimwambia aniandikie fomu, mimi nikapiga muhuri. Nafasi mnayoihangaikia ni ya foleni yangu. Ya kwako bado iko nyuma kabisa, pamoja na kabichi."

"Miaka mitatu!" Fumie alisema. "Mama, miaka mitatu umenyamaza?"

"Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aseme kwanza. Nikisema mimi kwamba nataka kuondoka, mtaa mzima utasema nimefukuzwa, masikini bibi wa watu. Mkisema ninyi, watasema mna roho mbaya." Akaufunga muhuri kifukoni. "Nikaona heri mwonekane ninyi."

Chinatsu alicheka hadi akakohoa biringanya.

"Lakini kwa nini, Mama?" Tetsuro aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Huko kwetu kuna ubaya gani?"

Bibi hakumjibu yeye. Alisema na Fumie, na safari hii mzaha haukuwamo.

"Nimechoka kushikwa. Najua wewe umechoka kushika, lakini na kushikwa nako kunachosha. Kila usiku nalala macho saa nzima kabla sijakuita. Nasema ngoja kidogo, alale kidogo. Ngoja tena. Halafu siwezi tena, nakuita, nasikia unavyoshusha miguu sakafuni. Nazisikia nyayo zako zinavyokuja. Miaka tisa, Fumie. Nazijua nyayo zako kuliko sura yako."

Fumie hakulia. Machozi nayo yanataka nguvu. Mabega yake tu yalishuka, sentimita labda mbili, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Akilini mwake hakukuwa na shukrani wala huzuni. Kulikuwa na usiku wa Jumatatu. Usiku mmoja mzima, bila kukatwa katikati, kuanzia kuzima taa mpaka kukucha. Alikuwa anauona kabisa. Alikuwa anauonea mate.

"Basi yamekwisha!" Tome alipiga makofi. "Mkwe anataka, mama anataka, nafasi ipo! Yoshizo, fungua ile bia!"

Mzee Yoshizo akafungua. Vikombe vikazunguka. Huko barabarani vijana wa mitaa walishaanza kuleta mianzi mirefu iliyoning'inizwa taa za karatasi, wanailaza chini na kuweka mishumaa, moja moja. Filimbi ilijaribiwa mahali. Kila mtu kwenye turubai lile alikuwa anatabasamu.

Kila mtu isipokuwa mmoja.

"Baba," Chinatsu alisema. "Mbona umekuwa rangi ya tofu?"

"Jua."

"Jua linaunguza, halifanyi mtu mweupe." Alimkazia macho. "Baba. Ile simu ya jana Ijumaa ilikuwa ya nini?"

"Simu gani?"

"Uliyojifungia nayo chooni. Mimi nilikuwa nje nasubiri. Nilisikia 'samahani sana, samahani sana,' halafu ngo! Halafu 'kwa kweli samahani,' ngo! tena. Mara tatu. Ulikuwa unamwinamia mtu kwenye simu, kichwa kinagonga mlango."

Tetsuro alijishika paji la uso. Kweli kulikuwa na alama.

"Tetsuro," Fumie alisema. "Ulikuwa unamwinamia nani?"

Paketi ya juu ya tambi iliteleza, ikamwagika kwenye turubai la watu. Hakuna aliyeiokota.

"Niliwapigia," Tetsuro alisema. "Nyumba ya wazee."

"Ukawaambiaje?"

"Kwamba... kwamba hatutaihitaji. Nafasi."

Filimbi ile iliendelea kujaribiwa. Ilikuwa inakosea mahali palepale kila mara.

"Niliona sitaweza kumwambia Mama. Siku mbili nilifanya mazoezi kwenye gari, peke yangu, nikashindwa hata peke yangu. Nikaona bora nafasi iende. Ikishakwenda, hakuna tena cha kusema, basi tunakuja tu, tunaangalia taa, tunarudi. Chumba cha hoteli tulikuwa tumeshachukua."

"Walikuuliza sababu?" Fumie aliuliza. Aliuliza kwa utulivu wa ajabu, ule wa mtu anayeuliza treni inapita saa ngapi.

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nilisema mke wangu..." Akasita. "Nilisema mke wangu amependelea kuendelea kumhudumia Mama nyumbani. Kwa mapenzi yake." Kisha, maskini wa Mungu, kana kwamba hilo lingesaidia, akaongeza: "Walikusifu sana."

Mzee Yoshizo alirudisha kofia usoni.

Tome aliiweka bia chini. Chinatsu alisema "Baba!" mara moja tu, kwa sauti ambayo binti yeyote asingetaka kuitumia kwa babake. Fumie hakumtazama yeyote. Alikuwa anautazama ule usiku wa Jumatatu ukisogea mbali, ukiondoka na mto wake na shuka lake, ukienda kwa familia nyingine.

"Labda Jumatatu tukipiga mapema..." Tetsuro alianza.

"Wameshampa mwingine?"

"Walisema wana wa kufuata. Walisema wanampigia jioni ileile."

"Fumie," Bibi Kiyo alisema. "Simama."

Fumie akasimama. Miaka tisa, akiambiwa simama husimama.

"Mkoba wako huo?"

"Ndiyo, Mama."

"Nenda."

"Niende wapi?"

"Nitajuaje mimi? Popote ambapo sipo."

"Na usiku wa leo, Mama? Nani ata..."

"Nina mtoto wa kiume." Bibi Kiyo alikunja mwavuli kwa mkono mmoja, pah! "Nilihangaika kumzaa saa thelathini. Anaweza kuamka mara mbili."

"Mama!" Tetsuro aliinuka nusu. "Mimi sijui hata mnavyo..."

"Utajua. Umekataa nafasi yangu kwa jina la mkeo. Basi kaa wewe kwenye nafasi ya mkeo."

"Ukimwinua, mshike upande wa kushoto," Fumie alisikia mdomo wake ukisema. "Wa kulia una maumivu. Nepi ziko kwenye mfuko wa kijani. Dawa nyeupe baada ya chakula, ya njano kabla ya kulala, na akisema hataki maji usikubali, na kiatu cha..."

"Nenda, mwanangu," Bibi Kiyo alisema, "kabla hujakumbuka kingine."

Mwanangu. Neno hilo nalo lilikuwa jipya. Fumie hakuwa na nguvu ya kulipokea, akaliacha palepale juu ya turubai na tambi.

Viatu vilikuwa vimepangwa ukingoni, jozi kwa jozi. Miguu ilikuwa imevimba, akavivaa kwa kukanyaga visigino, kitu ambacho angemfokea Chinatsu kwacho. Tome alimsogelea, akambandika mkononi kitambaa chenye matonge mawili.

"Ya njiani."

"Jamani, hata hatujuani."

"Dada," Tome alisema, "mimi nakujua kuliko mumeo."

Chinatsu aliinuka amfuate. Fumie akatikisa kichwa. Binti akaelewa, akakaa karibu na bibi yake, upande wa kushoto.

Akaondoka.

Mji mzima ulikuwa unakuja, yeye peke yake anakwenda. Watoto wenye mapepeo, wachumba walioshikana mikono, wazee wenye vigoda vya kukunja, wote wakimjia usoni kama mto. Akawa anasema "samahani, samahani," akipita kwa ubavu. Kijana mmoja wa mtaani, amevaa joho fupi la sherehe, mwanzi begani, alimpigia kelele:

"Mama, unapotea! Taa ziko huku!"

"Najua," Fumie alijibu.

Nyuma yake watu wakaguta wote pamoja. Mianzi ya kwanza ilikuwa imeinuliwa. Hakugeuka. Siyo kwa hasira, elewa. Shingo yenyewe ilikuwa imechoka.

Stesheni ilikuwa tupu na baridi. Dirishani alikaa kijana mwenye miwani, ambaye ni wazi alikuwa amepangiwa zamu siku ya sherehe kwa kosa fulani.

"Mpaka wapi, mama?"

Hapo ndipo alipogundua kwamba hana jibu. Miaka tisa kila safari yake ilikuwa na mtu wa kupelekwa: hospitali, kliniki ya meno, duka la nepi. Kijana akasubiri. Nyuma yake mtu akakohoa.

"Omagari," alisema. Ndilo jina lililokuja.

"Kwenda tu, au na kurudi?"

Swali la kila siku. Kijana alishaliuliza mara mia mbili leo, kidole kipo tayari juu ya kitufe. Fumie alifungua mdomo aseme "na kurudi", kwa sababu ndivyo watu husema, na kwa sababu keshokutwa kuna nepi za kufua na supu ya kupika na ukumbi wa kuvuka mara mbili.

"Kwenda tu," alisema.

Tiketi ikatoka. Ndogo hivyo.

Benchi la jukwaani lilimpokea kama kitanda. Treni dakika kumi na mbili. Alikula tonge moja bila kulisikia ladha, akatoa simu. Omagari anakaa dada yake, Sumiko, katika nyumba waliyozaliwa, pamoja na mama yao mzazi. Mara ya mwisho Fumie kulala nyumba ile alikuwa bado hana mvi. Kuna chumba cha nyuma, kina dirisha la upande wa mpunga. Hakuna mtu atakayemwita humo.

Simu iliita mara moja tu, ikapokewa.

"Dada, ni mimi. Nakuja. Leo, sasa hivi, nipo stesheni. Usiniulize kitu, tafadhali. Nataka kulala tu."

Palisikika mwangwi, kama wa ukumbi mrefu, na magurudumu ya kitu yakisukumwa.

"Fumie," Sumiko alisema hatimaye. "Nani amekuambia?"

"Kuniambia nini?"

Kisha dada yake akaanza kulia, na Sumiko si mtu wa kulia. Alilia kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Fumie alimsikia akiiweka simu kifuani, na sauti yake, imezibwa na nguo lakini inasikika neno kwa neno, ikimwambia mtu aliyekuwa karibu:

"Daktari, mnaweza kumruhusu Mama arudi nyumbani. Wa kumhudumia amepatikana. Yuko njiani."

Treni iliingia. Milango ikafunguka mbele ya miguu yake.